Je, Ni Haki Kumtoa Mbwa Woga?

Methali zetu haziwachukii waoga kama tunavyodhani. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ukizisikiliza vizuri, zinasema kwamba woga una akili yake, na kwamba aliye hai leo huenda ni yule aliyekimbia jana. Basi mtu anayemchukua mbwa mwoga na kuazimia kumtoa woga anafanya nini hasa? Anamponya, au anamnyang'anya ngao yake?

Nauliza kwa sababu nyumbani kwetu Gisenyi yupo mbwa jike anayeitwa Simba. Jina alikuja nalo, na wageni hulicheka. Mwanamume akiinua mkono, hata kama anajikuna kichwa tu, Simba hujikojolea. Sufuria likianguka jikoni, yeye hukimbilia uvunguni. Januari 2025, vita vya Goma vilipopamba moto na makombora yakaangukia hata upande wetu wa mpaka, alikaa uvunguni asile wala kunywa. Siku hiyo hakuna aliyemcheka, maana sisi wenyewe tulikuwa tumelala sakafuni.

Hapo ndipo nilipoanza kutofautisha mambo mawili. Kuogopa kombora ni kujua kombora ni nini. Kuogopa sufuria ni jambo jingine. Wakazi wa Rubavu tunalielewa vizuri: baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo na kuta za nyumba zikapasuka, na wapo watu ambao muda mrefu baadaye walikuwa wakisikia lori zito likipita wanasimama mlangoni. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hatari imeondoka lakini mwili haujapewa habari. Kwa hiyo sikubali kwamba ninachotaka kumpa Simba ni ushujaa. Nataka arudishiwe uwezo wa kutambua nyoka ni yupi na unyasi ni upi.

Majirani hawana subira na maneno haya. Ushauri wao ni mmoja: mfunge mnyororo mchana kutwa, mpige kidogo, mnyime chakula, atakuwa mkali. Na kweli, mbwa wa namna hiyo hubweka hadi povu linamtoka. Lakini mtazame vizuri. Masikio yamelala nyuma, mkia uko katikati ya miguu, macho yanatafuta pa kupita. Ni mwoga aliyezibiwa njia ya kukimbia, akabakiwa na meno. Aristotle aliwahi kuandika kwamba mnyama anayesukumwa na maumivu au hasira kuiendea hatari hana ujasiri wa kweli, kwa kuwa hakuchagua. Nakubaliana naye kuhusu mbwa wa mnyororo. Sikubaliani naye anapotaka tuamini kwamba kuchagua ni kwa binadamu peke yake, kwa sababu nimemwona Simba akisimama hatua nne kutoka kwenye kipande cha ugali, akipima, akirudi, akipima tena, kisha akaja.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unakaa chini, unampa ubavu badala ya uso, humkodolei macho. Chakula unakiweka mbali nawe, kesho karibu kidogo. Unapiga sufuria polepole akiwa mbali na akiwa anakula, na unaacha kabla hajaanza kutetemeka, si baada. Uvungu wake humzibii. Hili la mwisho ndilo watu hawalielewi: wanadhani mahali pa kujificha panalea woga, kumbe mwenye pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka.

Kuna jambo moja ambalo kwa muda lilinitatiza. Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwapiga mbwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka. Baadaye mbwa hao waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Wengi hawakujaribu; walilala wakapokea. Ulikuwa ukatili, hata kama vitabu vya saikolojia vinautaja kwa sauti tulivu. Lakini sehemu inayonihusu ni ile iliyofuata. Walipotaka kuwaponya, waliwafunga kamba na kuwavuta kwa nguvu hadi ng'ambo ya kizuizi, tena na tena, mpaka mbwa wakajua kwamba kuruka kunasaidia. Kumbe kulazimisha kulifaa! Je, majirani wangu wana haki basi?

Nadhani hapana, na sababu iko katika upande ambao kamba ilivutwa. Wale walivutwa kutoka kwenye maumivu kwenda penye usalama, na walichojifunza ni kwamba tendo lao lina matokeo. Mbwa anayeburutwa kupelekwa kwenye kile anachokiogopa hujifunza kinyume chake: kwamba kurudi nyuma hakusaidii, kunguruma hakusaidii, hakuna analolifanya likasikika. Anaweza kutulia, na mwenye kamba akajisifu. Ila utulivu ule ni wa wale waliolala chini wakapokea umeme.

Hata hivyo liko pingamizi zito zaidi, nalo halihusu njia bali lengo. Barabara ya kwetu ina watoto, na watoto wana mawe. Nikimfundisha Simba kumwendea kila binadamu kwa imani, nimemfundisha uongo. Nimemtendea wema kwa niaba ya watu ambao sikuwauliza kama watautimiza. Ndiyo maana sitaki aamini watu. Nataka awaamini baadhi ya watu, na abaki na shaka kwa waliobaki. Mwanafunzi mwenzangu aliniambia huko ni kumfanya mbwa mbaguzi. Labda. Lakini mama anayemwonya mtoto wake asifuate kila anayempa peremende hatumwiti mbaguzi.

Kisha yupo Bibi wa nyumba ya pili. Kwa wazee wa Rwanda mbwa si mnyama wa kuchezewa tu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walikula maiti zilizoachwa bila kuzikwa, na askari waliwapiga risasi wengi. Kwa miaka mingi baadaye nchi ilikuwa na mbwa wachache. Bibi hajawahi kulizungumza. Yeye huvuka barabara tu. Zamani hapakuwa na tatizo, kwa kuwa Simba naye alikuwa akimkimbia. Sasa Simba ametoka uvunguni, anafika getini akitikisa mkia, na kwa Bibi mkia ule hausemi chochote cha kumtuliza.

Hapa woga wa mmoja umepungua na wa mwingine umeongezeka, na aliyesababisha ni mimi. Siwezi kumwambia Bibi kwamba woga wake ni wa unyasi. Hakuona unyasi, na si kazi yangu kumsogezea sufuria polepole kama ninavyomfanyia mnyama wangu. Yeye hajaniomba kuponywa. Mwenye mbwa ndiye wa kubeba mzigo. Kwa hiyo somo la Simba limebadilika: anajifunza kulala miguuni pangu mtu anapopita, na saa ambazo Bibi huenda sokoni geti linafungwa. Wapo watakaosema nimempunguzia uhuru niliokuwa nikimtafutia. Ni kweli nimempunguzia, na nadhani kipimo ni cha haki, kwa sababu Simba anaweza kujifunza saa za Bibi, lakini Bibi hawezi kuambiwa asahau.

Juma lililopita alipita upande wetu wa barabara. Simba alikuwa amelala, akamtazama bila kuinuka. Bibi akasimama kidogo, akaniuliza kama komeo la geti ni zima.

"Ni zima, Bibi," nikamjibu.

Akaendelea na safari yake ya sokoni.