Paka Hana Deni

Wiki ya sita, nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni na kipande cha samaki mkononi, nilimwambia paka wangu maneno ambayo niliapa sitawahi kumwambia mtu: "Baada ya yote niliyokufanyia?"

Alikuwa chini ya kitanda, kona ya mwisho, macho mawili tu yanawaka. Nikanyoosha mkono, nikamshika mguu, nikamvuta. Nilitoka na mikwaruzo mitatu, yeye akarudi gizani. Kwa wiki mbili zilizofuata hakula nikiwa macho.

Anaitwa Chapo, kwa sababu ya mabaka ya kahawia mgongoni. Nililetewa na rafiki ambaye hulisha paka wasio na mwenyewe nyuma ya soko moja hapa Nairobi. Alinionya mapema: huyu ni mwoga, usitegemee paka wa TikTok. Daktari wa wanyama naye akanieleza sababu. Mtoto wa paka huzoea binadamu kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu azaliwe. Akikosa mikono ya watu wakati huo, anaweza kujifunza baadaye, ila polepole, na wengine hawafiki mbali. Chapo alikuja kwangu akiwa mkubwa tayari.

Nilijiona mtu wa subira. Nilimwekea beseni la mchanga, nikamchemshia omena bila chumvi, nikapunguza muziki. Lakini subira yangu ilikuwa na tarehe. Si tumefundishwa kwamba subira huvuta heri, na mvumilivu hula mbivu? Sikiza vizuri hizo methali: mwishoni kuna kitu cha kula. Tunavumilia kama mtu wa chama anayechanga kila mwezi akingoja zamu yake. Zamu isipofika, tunaona tumeibiwa.

Yale maneno niliyatoa kwa shangazi yangu. Nilipomaliza shule ya upili alinichukua, akanipa chumba, akanilipia karo ya chuo. Hakuninyima kitu. Lakini kila nilipojifungia, aliniuliza akiwa nje ya mlango: "Baada ya yote niliyokufanyia, hata kukaa na mimi sebuleni huwezi?" Basi nikawa nakula usiku, yeye akishalala. Ndiyo, najua. Hata mimi nilikuwa chini ya kitanda.

Sasa swali ni hili: aliyeokolewa anadaiwa upendo na aliyemwokoa? Wengi mtasema ndiyo, na mtanitajia punda na mateke yake. Mimi naona shukrani ni kitu kizuri, lakini haidaiwi. Ukishaidai, utakachopewa ni malipo, na wewe mwenyewe utajua.

Kwa paka, jambo hili liko wazi zaidi. Takriban miaka 10,000 iliyopita, huko Mashariki ya Kati, paka-mwitu walianza kufuata panya kwenye nafaka za wakulima. Hakuna aliyewafunga kamba. Walikuja wenyewe, na wangeweza kuondoka wenyewe. Urafiki wetu na paka ulianza mlango ukiwa wazi.

Mimi nimeufunga. Ninaishi ghorofa ya nne. Huko chini kuna sumu ya panya, mbwa, na matatu ambazo hazisimamii hata watu. Jirani yangu husema paka ni wa nje, ati ninamtesa. Nadhani amekosea, lakini hajakosea kabisa. Kumfungia Chapo ndani kunamlinda, na pia kunamnyima nafasi ya kunikataa. Hakunichagua. Hawezi kuhama. Kwa hivyo kati yetu wawili, mwenye deni ni mimi niliye na ufunguo.

Deni hilo nalilipa kwa kumrudishia "hapana" yake humu humu ndani. Nilimkatia katoni mbili: moja iko chini ya meza, nyingine juu ya kabati. Akiwa humo hashikwi, hata na mgeni anayesema anajua paka. Jioni nasoma sakafuni nikiwa nimempa ubavu. Macho yetu yakikutana, nafumba yangu polepole; mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliripoti kwamba paka huwa tayari zaidi kumkaribia mtu anayefanya hivyo. Kisha naangalia kando. Akija, sawa. Asipokuja, omena ni ile ile.

Huu ni mwezi wa nane. Chapo hulala kwenye zulia, hatua mbili kutoka kwangu. Hajawahi kupanda mapajani, na huenda hatawahi. Kuna siku hilo bado linaniuma, sitadanganya. Lakini sakiti tena nikihesabu siku.

Shangazi nimemfikiria sana. Nadhani alikuwa mpweke, alitaka tu mtu wa kukaa naye, na lugha aliyokuwa nayo ilikuwa ya deni. Jumapili iliyopita nilimpigia simu.

"Leo unataka ngapi?" akauliza.

Nikamwambia sitaki kitu, nilitaka kumjulia hali. Akanyamaza kwa muda. Halafu akaanza kunieleza kuhusu goti lake, na kuku wake, na mvua iliyokataa kunyesha. Tuliongea dakika 40.