Aliyeanguka na Anayeyumba



Mgeni apitaye katika nchi yetu ya juu, kutoka Kitulo na Matamba hata kushuka Njombe na Makambako, hawezi kuuona umaskini kwa urahisi. Aona matuta ya viazi mviringo yamenyooka, misitu ya misindano, mashamba ya chai, na malori yakipakia magunia kwenda Dar es Salaam. Huenda akasema moyoni, "Watu hawa Mungu amewapa." Wala hasemi uongo. Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 katika Mkoa wa Njombe wamedumaa, hali kwa Tanzania nzima ni watoto 30 hivi katika kila 100. Nchi yenye chakula, na watoto waliodumaa! Jambo hili lina sababu nyingi, na baadhi yake ni za jikoni na za kazi nyingi za akina mama, wala sizo nitakazoandika leo. Nimelitaja ili tusiwe wepesi kusema kwamba kwetu hakuna maskini.

Nataka tulifikiri swali moja, nalo ni swali la haki kuliko la hesabu. Yampasa nani kusaidiwa: yule aliyekwisha kuanguka, au yule anayeyumba?

Wataalamu huchora mstari. Katika uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, mstari wa umaskini kwa Tanzania Bara uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na watu 26 hivi katika kila 100 walionekana kuwa chini yake. Mstari huo wafaa kwa kazi ya serikali. Lakini mtu wa shilingi 48,000 na mtu wa shilingi 51,000 hulala katika hofu ile ile. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilitoa taarifa juu ya umaskini wa nchi yetu, na ndani yake mlikuwa na neno ambalo naona halikusemwa vya kutosha makanisani wala mikutanoni: kwa kila Watanzania 4 waliotoka katika umaskini, wengine 3 waliingia. Umaskini wetu, basi, si chumba kilichofungwa chenye watu wale wale miaka yote. Ni kama stendi ya Makambako, ambapo saa yoyote wapo wanaoshuka na wapo wanaopanda.

Tuchukue nyumba moja, nayo ni ya mfano tu. Yumo baba, mama na watoto wanne. Wana ekari mbili za viazi, ng'ombe mmoja wa maziwa, na kishamba cha misindano ya miaka sita. Hakuna awaitaye maskini. Pengine hata huombwa mchango wa harusi kabla ya wengine. Mwezi wa Januari mama augua, naye ahitaji kupasuliwa. Fedha iliyokuwa ya mbolea yaenda hospitali. Haitoshi, ng'ombe auzwa, tena kwa haraka, na mnunuzi aijua haraka ya muuzaji. Viazi visivyopata mbolea vyatoa mavuno madogo. Mtoto wa kwanza ahitaji vifaa vya shule, basi misindano, ambayo ingehitaji miaka mingi bado ili itoe mbao, yauzwa kwa bei ya kuni. Halafu ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", na jina halikukosea. Mwisho shamba lakodishwa kwa mwingine, na baba aenda kufanya kibarua katika shamba la jirani yake.

Mama amepona, ashukuriwe Mungu. Nyumba yake haijapona. Na sasa, baada ya miaka miwili, watu hawa wakisimama mbele ya mkutano wa kijiji, kila mtu akubali ya kuwa wanastahili msaada. Wamestahili lini? Wamestahili siku walipomaliza kuuza kila kitu ambacho kingewainua.

Wako watakaouliza, na ndugu walikuwa wapi? Swali hili ni zuri, na wazee wetu wangeliuliza kwanza. Kwa hakika ukoo na jirani wameokoa watu wengi huku kwetu kuliko mradi wowote. Mtu akifiwa, tulichanga. Akivunjika mguu, tulimlimia. Lakini ulinzi wa namna hiyo una mpaka, na mpaka wenyewe ni huu: wafaa pale msiba unapopiga nyumba moja na kuziacha nyingine. Usiku wa baridi kali, umande unapoganda ukawa barafu nyeupe juu ya majani ya viazi, hauchagui shamba. Asubuhi wote wameunguliwa, mwenye kuomba na mwenye kuombwa. Ukungu wa viazi hufanya vivyo hivyo, na bei ikianguka sokoni huanguka kwa wote siku moja. Siku kama hizo jirani mwema hana cha kutoa, wala si kwa sababu ya ubaya wa moyo.

Tena ukaja UKIMWI. Mwaka 2011/12 watu wazima karibu 15 katika kila 100 wa Njombe walikuwa na virusi, kiwango kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote wa Bara. Ugonjwa huu uliwachukua hasa watu wa umri wa kuzaa na kulima, yaani wale wale ambao ukoo uliwategemea kuwainua wengine. Wanaoijua Makete ya miaka ile wanazikumbuka nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Dawa zimezuia mengi tangu hapo, na watu wanaishi na kulea watoto wao. Hata hivyo tusiwe watu wa kuwaambia wale mabibi kwamba ukoo uwasaidie. Wao ndio ukoo uliobaki.

Hapo ndipo hapana budi taifa liingie. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na mwezi wa Agosti 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kaya zaidi ya milioni moja ziliingizwa. Fedha ililipwa kila baada ya miezi miwili. Katika miaka ya kwanza kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi kama msingi, ikaongezwa kwa ajili ya watoto waliohudhuria kliniki na shule, wala haikupita 38,000. Ni fedha ndogo. Lakini wengi walinunua kwayo kuku na mbuzi, na yule aliyezoea kusema kwamba maskini akipewa fedha hunywa pombe angepaswa kuzihesabu mbuzi hizo kabla ya kuendelea na maneno yake.

Ugumu haukuwa katika kutoa, ulikuwa katika kuchagua. Kwanza, katika kipindi cha mwanzo takriban asilimia 70 tu ya vijiji vilifikiwa. Mjane wa kijiji kisichofikiwa hakukosa kwa kuwa na mali, alikosa kwa kuwa upande wa pili wa mto. Kipindi cha pili, kilichozinduliwa Februari 2020, kilikusudiwa kufika vijijini kote. Pili, ulikuwapo mkutano wenyewe. Watu walikutana, wakataja sifa za umaskini uliokithiri, wakataja majina, na baadaye maofisa wakajaza fomu za kupima. Kuna uzuri hapo, maana majirani hujuana. Kuna pia uchungu. Mtu alipaswa kutajwa kuwa maskini mbele ya wakwe zake. Na mtu angeweza kusimama akasema, "Yule ana ng'ombe," mambo yakaisha. Kwamba ng'ombe yule atauzwa mwezi ujao kwa ajili ya hospitali, fomu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Tusidhani ni jambo jipya. Kanisa la kwanza lilikuwa na orodha yake. Katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, imewekwa sheria ya mjane wa kuandikwa: umri usiopungua miaka 60, na mwenendo wake uwe umeshuhudiwa, mwenye jamaa atunzwe na jamaa yake ili kanisa lisilemewe. Fedha ilikuwa chache wakati ule kama sasa. Na kabla ya hapo, katika Matendo ya Mitume sura ya 6, palitokea manung'uniko kwamba wajane wa wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Wakachaguliwa watu saba, na ukiyatazama majina yao yote ni ya Kiyunani. Inaonekana kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa upande ule ule uliolalamika. Sijaona kamati nyingi za siku hizi zilizokuwa na ujasiri huo.

Sasa narudi kwenye swali. Wengi watajibu kwamba aliyeanguka asaidiwe kwanza, maana mwenye njaa leo hawezi kungoja. Siwezi kupingana nao, wala dhamiri yangu haitaki. Ukiwa na debe moja la mahindi, huwezi kumpa mwenye ng'ombe ukamwacha asiye na kitu. Lakini jibu hilo lina udhaifu, kwa kuwa ladhani tunawadai watu wote deni la namna moja. Aliyeanguka twadaiwa chakula chake. Anayeyumba hatudai chakula, anacho. Yeye twadaiwa ukuta wa kuegemea, na ukuta hugharimu kidogo kuliko kumjengea mtu nyumba upya. Gharama ya kupasuliwa mama yule ingekuwa ndogo kuliko ng'ombe, misindano, shamba na masomo ya mtoto vikijumlishwa pamoja.

Na ukuta una heri nyingine: hauhitaji orodha. Kule Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee aliyetimiza miaka 70 alianza kulipwa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama ana mnazi au hana. Huenda matajiri wachache waliipokea nao. Naona hasara hiyo ni ndogo, ukiilinganisha na aibu ya mzee kuthibitisha ufukara wake mbele ya vijana. Bima ya afya nayo ni ya namna hiyo. Tumekuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baada ya kupangwa upya ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria ni karatasi mpaka dawa zionekane dirishani. Walakini fikira yake ni sawa, kwamba mgonjwa atibiwe kabla ya kuulizwa ameuza nini. Hata gunia ni ukuta. Lumbesa imekatazwa, na mzigo usizidi kilo 100. Kila mara mkulima anapojaziwa gunia mpaka likaota kichwa, huondolewa kidogo kidogo ile akiba ambayo ingemkinga mwakani. Kusimamia mizani hakuitwi msaada kwa maskini, lakini ni msaada.

Musa aliliona hili. Katika Kumbukumbu la Torati 24:6 wakopeshaji wamekatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni sawa na kuweka rehani uhai wa mtu. Mwenye jiwe la kusagia hakuwa ombaomba. Ni mtu wa kawaida aliyebanwa mwaka ule, na torati ilimkinga akiwa bado amesimama.

Kuna wanaohofu kwamba ulinzi wa namna hii huleta uvivu. Mimi nimeona kinyume chake mashambani. Mkulima mwenye hofu hanunui mbegu bora, kwa kuwa baridi ikipiga atakuwa amepoteza mbegu na fedha pamoja. Hupanda vile viazi vidogo vilivyobaki, apate kidogo lakini asipoteze kikubwa. Ni hofu imfanyayo abaki alipo. Hata wale waliochimba viazi vya maua ya okidi kule Kitulo, vile Wazambia waviitavyo chikanda, vikavushwa mpakani kwa mamilioni, waliuza kile kilichokuwa karibu. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, na ni vema, maana maua yale yangekwisha. Ila mlango mmoja wa siku mbaya ulifungwa kwa watu wa kando yake.

Yapo pia yaliyo katika uwezo wetu wenyewe parokiani, yasiyongoja Dodoma. Sanduku la maskini hufunguliwa kwetu hasa baada ya mazishi, au nyumba inapoungua. Wazee wa kanisa wangeweza kulifungua pia mwezi wa Januari, ambapo sare, madaftari na mbolea ya kukuzia hudaiwa kwa wiki moja, wakakopesha bila riba gunia moja la mbolea kwa nyumba ambayo haijaomba kitu. Mwenye nyumba hiyo pengine atakataa mara ya kwanza, kwa sababu atasema yeye si maskini. Atakuwa anasema kweli.