Mfarishi Ulioharibikia Upande wa Chini

Kisa hiki nakieleza kwa sababu kinaweza kumpata yeyote kati yetu anayejifunza kazi ya mikono akiwa katikati ya watu wanaompenda. Kilitokea Dagahaley, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika kaunti ya Garissa. Aliyepatwa nacho ni mama mwenye bidii, na jina lake nitalihifadhi.

Dagahaley ilifunguliwa mwaka 1992, na leo wapo waliozaliwa pale ambao sasa ni wazazi. Ushonaji si jambo geni. Sokoni mafundi hushonea kwenye cherehani nyeusi za kukanyaga, na Baraza la Wakimbizi la Norway limewafundisha vijana wengi wa Dadaab kazi hiyo. Mama huyu alikuwa ameshona baati, yale magauni mapana ya Kisomali, kwa miaka. Mwaka 2020, barakoa zilipokuwa lazima nchini Kenya, alishona hizo pia, na watu wakazisifu. Basi akaamini kwamba anayeweza nguo anaweza chochote kinachopita chini ya sindano. Imani hiyo ndiyo iliyoanza kumponza, na ni imani rahisi sana kuwa nayo. Fundi wa nguo hushona tabaka moja au mbili. Mfarishi una tatu: viraka juu, kitu kinene katikati, shuka chini. Tabaka hizo hazitembei pamoja mpaka uzilazimishe.

Alijiunga na kina mama waliokuwa wakikutana alasiri. Waliokota masalio ya vitambaa kwa mafundi wa sokoni, wakayaunga viraka, na katikati wakatia mablanketi makuukuu ya msaada. Wengi wao ni Wasomali, pamoja na mama mmoja Mkongo, kwa hiyo akiwapo mazungumzo yaligeuka Kiswahili. Mama wa kisa chetu walimpokea vizuri. Alipewa chai ya maziwa yenye iliki, akapewa kiti cha mbele na cherehani bora kuliko zote. Kila alichokigusa kilisifiwa. "Abaayo," yaani dada, "mkono wako unajua kazi hii tangu zamani!" Maneno kama hayo humtia mgeni moyo, na hakuna kosa ndani yake. Lakini hayakuja na neno jingine lolote.

Desturi yao ilikuwa kumwanzishia mgeni kilalio cha mtoto mchanga, kitu kidogo cha kujifunzia. Yeye alitaka mfarishi wa kitanda kizima, kwa ajili ya arusi ya binti yake iliyokuwa karibu. Wenzake walitazamana, wakanyamaza.

Siku ya kwanza cherehani ilianza kugonga. Sindano iliyokuwamo ilikuwa namba 11, inayofaa baati nyembamba. Kwa blanketi inatakiwa namba 14 au 16. Mishono ikawa inaruka: mitatu mizuri, kisha pengo. Akadhani uzi ni mbaya, akabadilisha uzi, akakanyaga kwa nguvu zaidi. Ndugu msomaji, cherehani ikibadili sauti simama. Itazame sindano, fungua nyumba ya bobini ufute vumbi, kwa maana vumbi la Dadaab huingia kila mahali, na likichanganyika na mafuta hugeuka uji mzito unaoshika vyuma.

Kisha kulikuwa na suala la bandi. Mfarishi haushonwi kabla tabaka zake hazijashikizwa kwa mkono, mistari ya bandi ikipishana upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Sababu ni ya kimashine kabisa. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, na mguu unaokandamiza juu hukizuia kile cha juu. Kila hatua ya sindano huacha tofauti ndogo isiyoonekana, na baada ya mita moja tofauti hiyo imekuwa mkunjo. Yeye alibana pembe nne kwa pini, akaanza kushona pembeni akizunguka kuelekea ndani. Ulegevu wote ukasukumwa katikati, ukanasa humo.

Hapo yule mama Mkongo alimwambia kwa upole, "Dada, geuza uone chini." Alikuwa mgeni katika kundi kama yeye, na Kisomali hakukijua, na nadhani hiyo ndiyo sababu neno lake halikuzingatiwa. Mwenzake alicheka tu, akasema atageuza akimaliza. Upande wa juu ulikuwa unapendeza kweli. Chini shuka lilikuwa limejikunja mahali pengi, na nyuzi zimelegea zikafanya vitanzi unavyoweza kupitisha kidole. Mimi na wewe tungetazama wapi? Sisi sote tunapenda kutazama upande unaosifiwa.

La rangi ndilo linaloniuma zaidi. Kati ya viraka kulikuwa na chekundu, na kwenye joto la alasiri kilimwachia doa kwenye kiganja chenye jasho. Alilifuta kwa kanga akaendelea. Jaribio la rangi ni la kikombe kimoja cha maji: chovya pindo la kitambaa kipya pamoja na kipande cheupe, subiri, utazame. Na vitambaa vyote vya pamba vifuliwe kabla ya kukatwa, maana huruka, yaani hupungua, ilhali blanketi la nyuzi za viwandani haliruki.

Siku chache kabla ya arusi aliufua mfarishi ili unukie vizuri. Wekundu ukasambaa juu ya viraka vyeupe. Pamba ikaruka, blanketi likabaki lilivyo, katikati pakavimba, na pale mishono iliporuka mistari mizima ikaachia. Binti aliolewa na mama akampa zawadi nyingine. Pembe zilizokuwa salama walizikata wakapata vilalio viwili vya watoto. Sehemu ya katikati haikufaa.

Baadaye alimuuliza mwalimu wa kundi, mwanamke mzima anayemwita eedo, yaani shangazi: "Uliona tangu mwanzo. Kwa nini hukuniambia?" Eedo alijibu, "Niliogopa ungevunjika moyo usirudi."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Lilitoka kwenye mapenzi, na sina shaka kwamba eedo alitaka heri. Hata hivyo naliona kosa, na ni kosa ninaloweza kulifanya kesho mbele ya mwanafunzi yeyote mwenye furaha. Aliyeficha ubaya wa mshono wa kwanza alimwachia mwenzake kuugundua kwenye mshono wa mwisho, mbele ya wakwe. Tumwambieni mwanafunzi mapema, faraghani, kazi ikiwa bado ndogo kiasi cha kufumuliwa kabla chai haijapoa.

Mama huyo alirudi. Kundi sasa halisifu kitu kabla hakijageuzwa, na kazi ya kwanza ya kila mgeni haizidi ukubwa wa sinia. Sindano mpya huwekwa mbele ya macho ya wote. Anayekagua upande wa chini ni yule mama Mkongo, na akisema fumua, watu wanafumua.