Kuuza Kisichoonekana: Tovuti ya Mfanyabiashara Mdogo na Suala la Ridhaa ya Mnunuzi

Methali ya Waswahili isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, imesimama juu ya sharti ambalo yenyewe haikulitaja: mnunuzi awe sokoni, bidhaa iwe mbele yake, na macho na vidole vyake vimtoshe kutenganisha kilicho kizuri na kilicho kibaya. Sharti hilo likitimia, methali ni ya kweli, kwa kuwa mwenye nguo imara au asali safi hahitaji maneno mengi. Likikosekana, mambo hugeuka. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof, ambaye alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alionyesha kwa mfano wa magari yaliyokwishatumika kwamba mahali ambapo mnunuzi hawezi kuujua ubora wa kitu kabla ya kukinunua, hukataa kulipa bei ya kitu kizuri kwa kuhofia kuuziwa kibovu, na wenye vitu vizuri, wakiona kwamba bei hiyo haiwalipi, huviondoa sokoni mpaka kibaya kikabaki peke yake. Pasipo macho, kwa hiyo, kizuri hakijiuzi, hufukuzwa.

Hali hiyo ndiyo inayomkabili mfanyabiashara mdogo anapofungua tovuti. Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti, zenye anwani moja inayojulikana, ambazo mtu yeyote mwenye simu janja anaweza kuzifungua popote alipo. Mfumo huo ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwaka 1989, tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa umma mwaka 1991, na mwaka 1993 CERN ikautoa mfumo wenyewe kwa watu wote bila malipo. Faida yake kwa biashara ndogo ni moja kubwa ambayo nyingine zote hutokana nayo: biashara hupatikana na mtu asiyeijua. Kikundi cha wanawake wa Paje au Jambiani wanaotengeneza sabuni kwa mwani, zao ambalo kilimo chake cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, hakiwezi kufungua duka Muscat wala London, lakini Mzanzibari aliyeko huko anaweza kukifikia kwa dakika chache. Hata hivyo anayefikiwa kwa njia hiyo haoni sabuni. Anaona picha ya sabuni na kusoma maneno ya mwenye sabuni, na hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilijadili kwa karne nyingi kabla ya kompyuta kuwapo, yaani, je, mtu anaweza kusemwa kuwa ameridhia kitu ambacho hajakiona?

Swali hili si la pembeni. Kurani, katika sura ya Wanawake, imekataza watu kula mali zao baina yao kwa batili na ikahalalisha biashara itokanayo na kuridhiana, kwa hiyo ridhaa ndiyo inayotenganisha biashara na unyang'anyi. Ridhaa nayo haikamiliki bila ujuzi, kwani anayekubali asichokijua hajakubali chochote, amebahatisha tu. Ubahatishaji huo huitwa gharari, yaani hali ya kitu kilichouzwa kutojulikana sifa zake, kiasi chake, au iwapo kitapatikana, na Mtume aliukataza.

Madhehebu yalitofautiana juu ya kipimo cha ujuzi unaotosha. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767 na ambaye yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Kufa, aliruhusu kuuzwa kitu kisichokuwapo mbele ya wanaouziana, lakini akampa mnunuzi hiyari ya kuona, maana yake haki ya kukikubali au kukirudisha pale macho yake yatakapokifikia, hata kama kimelingana na maelezo aliyopewa. Wafuasi wa Imamu Malik waliruhusu kuuza kwa sifa, wakasema kwamba kitu kikifika kama kilivyoelezwa, mnunuzi amefungika nacho. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, walikuwa wakali zaidi: Imamu Nawawi, katika kitabu cha Minhaj ambacho kimesomeshwa kwa vizazi vingi katika darsa za Lamu na Unguja, ameipa nguvu kauli ya kwamba kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Huenda msomaji akadhani kwamba kauli hiyo inaifunga milango ya biashara ya mtandaoni kwa Waislamu wa pwani. Haifungi, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo ya kibiashara mengi kuliko yaliyomo katika matangazo mengi ya watengenezaji wa tovuti.

Nawawi huyo huyo ameeleza kwamba kuona sehemu ya bidhaa kunatosha ikiwa sehemu hiyo inajulisha iliyobaki, kama vile uso wa rundo la ngano, au sampuli ya vitu vinavyofanana. Wanafiqhi wamezigawa mali katika mafungu mawili: mali za mithili, ambazo kipande kimoja huweza kushika nafasi ya kingine bila tofauti ya maana, kama nafaka na mafuta, na mali za thamani, ambazo kila kimoja kina hali yake na bei yake, kama mnyama au nyumba. Mgawanyo huu ukipelekwa kwenye tovuti huzaa hukumu iliyo wazi. Sabuni za mwani zilizomwagwa katika kiunzi kimoja, zenye uzito mmoja na viungo vilivyoandikwa, ni mali za mithili kwa kiasi kikubwa, na aliyewahi kununua kipande kimoja akaagiza vingine ameshaona sampuli. Kofia ya viua, ile inayodariziwa kwa mkono kwa majuma kadhaa na ambayo ufumaji wake hautoki sawa kwa mafundi wawili, ni mali ya thamani; picha ya kofia moja haiwezi kusimama badala ya kofia nyingine, na mwenye tovuti anayepiga picha kofia iliyo bora kuliko zote kisha akawapelekea wateja zile zilizobaki amewauzia kile ambacho hawakukiridhia. Kila kofia ipigwe picha yake, kwa nje na kwa ndani ambako mshono huonekana, na picha hiyo iandikwe kipimo chake kwa sentimita.

Njia nyingine ni kuuza sifa badala ya kitu mahususi. Watu wa Madina walikuwa na desturi ya kulipia tende kabla ya mavuno, mwaka mmoja, miwili au mitatu mbele, na Mtume alipowakuta na desturi hiyo hakuikataza bali aliiwekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Mauzo hayo huitwa salam, na madhehebu ya Shafi yanayakubali mradi bei yote ilipwe katika kikao kile kile cha mapatano. Wahanafi, yaani wafuasi wa Abu Hanifa, waliongeza mapatano ya istisnaa, ambayo ni kumwagiza fundi atengeneze kitu kwa sifa zilizokubaliwa, na hapo malipo yanaweza kugawanywa. Mteja anayeagiza kofia ya kichwa chake, rangi ya uzi aipendayo na maua ayatakayo, akalipa kwa simu na kuahidiwa tarehe, amefanya jambo ambalo lina mlango wake katika vitabu vya kale. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Machi 1990, mwaka mmoja kabla ya tovuti ya kwanza kufunguliwa kwa umma, lilikubali kwamba mapatano yanayofungwa kwa maandishi, teleksi, faksi au kompyuta baina ya watu wasiokuwa mahali pamoja yanasihi pale toleo la mmoja linapomfikia mwenzake naye akalikubali. Lakini likazitenga nikahi, ubadilishaji wa fedha na salam, hii ya mwisho kwa sababu ya ulazima wa kulipa bei papo hapo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, fedha huweza kumfikia muuzaji kabla mazungumzo hayajaisha, na kwa hiyo kizuizi kile, kwa mtu anayezingatia sababu ya hukumu na si tamko lake tu, kimepoteza nguvu yake nyingi.

Kusihi kwa mapatano, hata hivyo, ni daraja la chini kabisa la uadilifu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya adabu za kuchuma katika kitabu chake cha Ihya, alimtaka muuzaji asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwamo, asifiche chochote katika kasoro zake, asifiche uzito na kipimo chake, wala asifiche bei yake ya soko. Mwenye kuzitazama kurasa za wafanyabiashara wengi wa leo ataona kwamba la mwisho hukiukwa kila siku: bidhaa huonyeshwa, bei hufichwa, na mteja huambiwa aulize pembeni, ili bei ipangwe kulingana na jinsi anavyoonekana kuwa na uwezo. Desturi hiyo ni mbaya, na tena haina faida, kwa sababu mgeni asiyejua bei hana sababu ya kumwamini muuzaji asiyethubutu kuitaja.

Picha nayo ina hukumu yake. Wafugaji wa Arabuni walikuwa wakiacha kumkama ngamia au mbuzi siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kwamba maziwa yake ni mengi kila siku. Udanganyifu huo huitwa tasria, na Mtume aliuharamisha, akampa aliyedanganyika muda wa siku 3 wa kumrudisha mnyama pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakama. Jambo la kuzingatia ni kwamba mfugaji huyo hakusema uongo wowote kwa ulimi wake. Ni mwonekano uliosema. Programu za simu zinazong'arisha rangi ya kitambaa, taa zinazoficha mikwaruzo, na picha zilizochukuliwa kutoka kurasa za viwanda vya ng'ambo ni tasria ya zama hizi. Vivyo hivyo maoni ya wateja: kumtuma jamaa aandike kwamba bidhaa ni nzuri ilhali yeye hakuinunua, ni najshi, jina ambalo wanafiqhi wamekipa kitendo cha kupandisha bei au kuisifia bidhaa bila nia ya kununua ili kumvuta mwingine.

Inabaki hoja ya mahali. Ukurasa kwenye mtandao wa kijamii hufunguliwa leo na kufutwa kesho, na jina lake hubadilishwa bila aliyetuma fedha kujua. Tovuti yenye jina lake yenyewe la kikoa, ambalo ni anwani iliyosajiliwa na kulipiwa kila mwaka, kwa mfano zile zinazoishia na .co.tz au .co.ke, humfunga mwenyewe kwa namna ambayo wengi hawaitambui: jina likishajulikana, kuliacha ni hasara, na hasara hiyo ndiyo dhamana ya mnunuzi. Ahadi haina maana pasipo mtu atakayepatikana kesho kuulizwa juu yake. Wafanyabiashara wa Kiyahudi wa karne ya 11, ambao barua zao zilihifadhiwa katika sinagogi la Fustat, Misri, walipeleka mizigo hadi Sisilia na Tunisia kwa mikono ya mawakala waliokuwa mbali na macho yao, na habari za wakala aliyetuhumiwa kula amana zilisambaa kwa barua, hata wengine wakasita kumpa kazi. Jina ndilo lililowalinda. Mfanyabiashara mdogo asiye na jina kubwa wala mtaji wa matangazo hujenga jina lake kwa njia hiyo hiyo, oda moja baada ya nyingine, na tovuti humpa mahali pa kuliweka jina hilo mpaka likomae.

Haifuati kwamba kila mwenye biashara anahitaji tovuti. Mama lishe ambaye wateja wake wote wanapita mbele ya jiko lake hana faida kubwa nayo, kwa sababu kwake methali iliyotajwa mwanzo bado ni ya kweli kabisa. Fedha ambayo angeitumia kwa tovuti ni bora anunulie sufuria. Tovuti inamfaa yule ambaye bidhaa yake inaweza kusafiri, au ambaye mteja wake humtafuta kabla ya kuondoka nyumbani. Naye anapaswa kujua kwamba ana kazi ya kila siku, si ya kulipia mara moja kisha kusahau. Hakim bin Hizam, sahaba aliyekuwa mfanyabiashara, alikatazwa na Mtume kuuza asichokuwa nacho. Kwa mwenye tovuti, katazo hilo lina maana ya kwamba kofia iliyouzwa sokoni asubuhi iondolewe kwenye ukurasa siku hiyo hiyo, kabla mtu wa mbali hajailipia. Pia ni vyema atangaze waziwazi haki ya kurudisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji imempa mnunuzi wa mbali siku 14 za kuvunja mapatano, kwa sababu ile ile iliyomfanya Abu Hanifa atoe hiyari ya kuona: mtu huyo hajakiona alichonunua.

Masheikh wa pwani wanaosomesha mlango wa biashara wangefanya jambo kubwa kama wangewaita kwenye darsa zao vijana wanaouza kwa simu na akina mama wa vikundi vya mwani, wakaziweka picha na bei za bidhaa zao mbele ya maneno ya Nawawi, na wakawafundisha, kwa mfano mmoja baada ya mwingine, ni nini mnunuzi aliyeko mbali anachopaswa kuambiwa kabla hajalipa.