Dhahabu ya Kalisi na Njaa ya Maskini

Je, ni haki altare iwe na kalisi ya fedha iliyopakwa dhahabu, na huku maskini walala njaa?

Suger, Abati wa Saint-Denis karibu na Paris, hakusita. Kati ya mwaka 1137 na 1140 alitwaa kikombe cha kale cha jiwe la thamani, akakivika kitako, mikono na mdomo wa fedha iliyopakwa dhahabu. Alishika kwamba Damu ya Kristo yastahili kilicho bora kabisa.

Lakini zaidi ya karne saba kabla yake, Mt. Ambrosi, Askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vya kanisa ili awakomboe mateka. Aliposhutumiwa, alijibu kwamba Kanisa lina dhahabu ili kuwasaidia wahitaji, si kuilinda tu.

Je, wawili hawa wapingana? Hasha. Kwa kawaida Kanisa hutaka dhahabu iwe ndani ya kikombe, pale panapogusa Damu Takatifu, si nje panapotazamwa na watu. Dhahabu hiyo ni heshima, si fahari.

Kalisi ya Suger ilitwaliwa na Mapinduzi mwaka 1791, ikaibiwa Paris mwaka 1804. Leo imo katika jumba la sanaa, Washington. Wengi huitazama, wala hakuna aitoleaye Misa.

Basi, wasomaji wapenzi, tumpe Mungu kilicho bora bila kunung'unika. Lakini dhahabu tusiyoweza kuiachilia siku ya njaa ya ndugu zetu, hiyo hatukumpa Mungu, tulijiwekea wenyewe.