Enanga, Mashine na Haki ya Kunyamaza

Msomaji wa pwani asidhani nazungumzia nanga ya jahazi. Enanga ya Wahaya wa Bukoba na Muleba ni ala ya ubao uliochongwa mfano wa kihori, uzi ukapitishwa juu yake huku na huku. Mpigaji wake hana haraka. Huimba mistari kadhaa, kisha akaacha kuimba akasimulia, nyuzi zikinong'ona chini ya maneno. Wasikilizaji huitikia, naye hukirefusha au hukifupisha kisa kwa kadiri yao. Profesa M. M. Mulokozi alitetea mwaka 1983 kwamba hao ni watambaji wa utendi hasa.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya mashine ya ngoma. Mashine haimngoji mtu. Mapigo yake 120 kwa dakika ni yale yale, msimulizi akifika kwenye kifo cha shujaa au kwenye mzaha. Je, kuuchanganya muziki wa kale na dansi ya kielektroniki si kuudhulumu?

Wengi hujibu kwa kutaja usafi wa mila. Jibu hilo halinitoshi, na hapa visiwani halipaswi kumtosha yeyote. Taarabu yetu ni mchanganyiko tangu utotoni: kanuni ya Waarabu, fidla ya Ulaya, ngoma za pwani. Vinanda vya umeme vilipotawala miaka ya 1990, waliolalamika walikuwa wakiulilia mchanganyiko wa jana. Huko Mexico nako, vijana wa Tijuana waliojiita Nortec waliukatakata muziki wa norteño, kodiani na ngoma zake, wakauunga na tekno, norteño haikufa.

Kagera ina mfano wake. Mwaka 2001 Saida Karoli, aimbaye kwa Kihaya, alivuma nchi nzima kwa "Maria Salome". Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya wimbo huo kwa mapigo ya kisasa, wakauita "Salome", na vijana waliokuwa wachanga enzi za Saida wakaucheza. Sioni dhuluma hapo. Lakini tuangalie kilichovuka kwa wepesi: ni kiitikio. Wimbo ule ulikuwa wa kuchezwa tangu mwanzo. Utendi sivyo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imezitengea sanaa za jadi sehemu yake, na yaweza kudai kibali na malipo. Haiwezi kudai kituo kati ya mstari na mstari. Hilo ni deni la mtayarishaji mwenyewe. Akichukua mlio wa nyuzi tu, na aseme amechukua nyuzi. Akidai amechukua utendi, basi mashine na imngoje msimulizi, hata ikimgharimu wachezaji.

Kuizima ngoma ni kazi ya kidole kimoja. Ukumbi utasimama, wengine watanung'unika, na kwa nusu dakika watamsikia mzee wa Muleba akisimulia kwa lugha wasiyoijua.