Mpira Uchezwe Mkekani

Vijana wa Mingoyo, uwanja wa mpira unamchukua nani? Ishirini na wawili wenye miguu yao, refa na wasaidizi wake, basi. Mama anayekaanga samaki pale Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, hachezi. Babu aliyekuwa winga teleza enzi zake, leo goti halikunjiki, hachezi. Dada aliyetamba kwenye mpira wa pete shuleni, sasa ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hachezi. Hao ndio nataka muwatungie mchezo, tena muanze wiki hii, msimngoje mfadhili.

Nasema mchezo wa kukaa mkekani, watu wanne au watano. Mmoja ni msimulizi. Waliobaki kila mmoja anakuwa mtu mwingine: kipa, kocha, mke wa mwenyekiti wa klabu. Msimulizi anaeleza yaliyotokea, kisha anauliza: wewe unafanya nini? Jibu lako ndilo linaloisogeza hadithi. Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa aina hii mwaka 1974, Dungeons & Dragons, wenye majoka, mapanga, dadu za pande nyingi na vitabu vya kanuni. Baada yao wapo waliouingiza hata kwenye ulingo wa mieleka. Lakini sehemu kubwa ya michezo hiyo inadhani mchezaji ana hela ya kitabu, anasoma Kiingereza, na jioni yake yote ni ya kwake. Mama wa samaki hana hata kimoja kati ya hivyo, na hapo ndipo kazi yenu inapoanza.

Atakayewaambia kwamba watu wetu hawaziwezi kanuni nyingi, mpelekeni barazani kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, nyumba, kunamua, mtaji, kutakata, na hakuna aliyemsomea mwenzake kitabu. Wapo wazee wasiojua kuandika jina lao wanaohesabu mizunguko kichwani kabla wewe hujakaa vizuri. Wamejifunza kwa kutazama na kwa kuzomewa. Kwa hiyo kanuni yenu isiyoelezeka kwa pumzi moja, samaki wakigeuzwa kikaangoni, itupeni.

Dadu nazo ziacheni. Mzazi wa hapa akiona kijana anarusha dadu, ameona kamari, na simlaumu, maana mikeka ya kubeti imeshawala wengi. Chukueni mdako. Shimo dogo, kokoto ndani yake: unarusha moja juu, unachota za shimoni, unaidaka kabla haijaanguka. Pasi ya karibu, chota moja. Krosi, chota tatu. Penalti ya dakika za majeruhi, chota tano, na wapinzani wanaruhusiwa kukuzomea ila wasikuguse. Mnaona kilichotokea? Ghafla mshambuliaji hatari kuliko wote kijijini ni binti wa miaka kumi na miwili, na kaka zake waliokuwa wakimtuma maji wakati wa mapumziko wanamwomba awe upande wao.

Babu mwenye vidole vizito msimwache nje. Yeye akitaka kupiga shuti, atege kitendawili. Wapinzani wakishindwa wampe mji, kama ilivyo desturi, na mji huo ni bao. Akipewa Kilwa, ni Kilwa wamefunga, na lazima asimulie bao lilivyoingia. Hapo ndipo mtagundua kwamba kwa miaka mingi mlikuwa na mtangazaji wa mpira ndani ya nyumba, mkidhani ni mzee anayepiga kelele tu.

Halafu msifungwe na dakika 90. Mpira mzito unachezwa nje ya chaki, na mfano tunao mkoani kwetu Lindi. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, ikafungwa na Simba 2-1, lakini ikapata tiketi ya Afrika. Februari 2021 ikatua Luanda kucheza na Primeiro de Agosto. Baadhi ya watu wa msafara wakaambiwa wana korona, wakazuiliwa, na mechi ikafutwa. CAF ikaamuru michezo yote miwili ipigwe Dar es Salaam. Namungo wakashinda wa kwanza 6-2, wakafungwa wa pili 3-1, wakapita kwa jumla ya 7-5.

Mabao hayo yote yalionekana na kila mtu. Mimi nazitaka zile saa za Luanda! Mchezaji anaambiwa anaumwa na yeye hajisikii lolote. Kiongozi anabishana na ofisa asiyeelewana naye lugha. Nahodha anatafuta la kumwambia mama yake kwenye simu. Wekeni hali kama hiyo mkekani, mpeni mama wa samaki nafasi ya kiongozi wa msafara, muone. Yule anayebishana na makondakta na wachuuzi kutwa nzima atamtoa ofisa jasho, na wala hahitaji kujua kuotea ni nini.

Tieni na yale tunayoyajua wenyewe. Vijeba waliopunguziwa umri ili wacheze na watoto. Kamati ya ufundi inayozunguka golini usiku na mayai. Ila hapo nina msimamo: uganga uwe na nguvu ya kutisha tu, usifunge bao. Ukiuachia ufunge, hakuna atakayejisumbua na mdako.

Wa kuchungwa zaidi ni msimulizi. Wote tuliocheza chandimu tunamkumbuka mwenye mpira, yule asiyetolewa hata akicheza ovyo, na akifungwa anaubeba mpira wake anaenda zake nyumbani. Msimulizi anaweza kuwa huyo huyo. Kwa hiyo kila kipindi abadilishwe, na bibi naye ashike zamu.

Ujaribuni mchezo huu Mnazi Mmoja, kwa watu wanaongoja basi. Mtasema wataondoka katikati ya mchezo. Waondoke! Basi likipiga honi na mchezaji akanyanyuka, huyo ameuzwa: Masasi, Mtwara, Dar es Salaam. Tangazeni usajili wake kwa sauti, kisha msajilini abiria aliyeshuka hivi punde. Tatizo la wachezaji wasiotulia limekuwa dirisha la usajili, bila gharama yoyote.

Mara ya kwanza mchezo utakuwa mbaya. Mtu atacheka pasipostahili, mwingine atagombania kokoto, watoto watalifukia shimo. Endeleeni. Kanuni watakayoivunja watu watatu ifuteni, watakayoibuni wao ichukueni bila kuona haya.

Kokoto hizo hapo nje. Tandikeni mkeka, chimbeni shimo, muiteni wifi, muiteni babu, muiteni na kondakta kama gari lake bado halijajaa. Waambieni ni dakika ya 88, uwanja wa Ilulu, Lindi, mko nyuma kwa bao moja, kipa wenu amekaa chini na anakataa kuinuka. Sasa mgeukie aliye kushoto kwako. Wewe ndiye kocha, shemeji: unafanya nini?